Dawa Inalala Kawangware

Jumapili, 15 Machi 1981

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Kianda, kwa majirani zao wa Kibera nzima, na kwa yeyote mwingine ambaye leo hana la kufanya, kwamba saa nne na robo asubuhi Bwana Nashon Ouma, mchoraji wa vibao, mwenye umri wa miaka arobaini na saba na tumbo la miaka sitini, amefaulu kufungua dirisha la chumba chake lililokuwa limekwama tangu Krismasi. Hakuna aliyejeruhiwa. Mkewe, Seline, alipoombwa maoni alisema, "Sasa lifunge, nzi wanaingia."

Kitabu hiki nimepewa na Mburu, mwenye kliniki ya Kawangware, ambaye naye alipewa na mtu wa kuuza madawa. Juu ya kila ukurasa kuna picha ya kidonge. Naandika Kiswahili kwa sababu Kijaluo changu Seline atakisoma na kukisahihisha. Kiswahili pia anakisoma, ila hana subira nacho.

Niseme tangu mwanzo: Seline ana ugonjwa wa sukari, huu mwaka wa tatu. Sindano moja kila asubuhi kabla ya kula, maisha yake yote. Dawa yenyewe hatununui. Hospitali kuu ya serikali humpa chupa kila mwezi, bure. Shida ni kwamba chupa inataka baridi, na Kibera hatuna baridi isipokuwa ile ya Julai. Kwa hivyo dawa inalala Kawangware, katika friji ya mafuta ya taa ya Mburu, na sisi tunaifuata kwa miguu kila kukicha, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Mburu hatozi dawa, hapana, dawa ni ya serikali. Anatoza baridi, na mkono wa kudunga.

Miaka mitatu sasa Seline hajalala kwa mama yake Nyakach. Atalalaje, na dawa yake inalala Kawangware?

Jumatatu, 16 Machi

Tulikwenda, tukadungwa, tukarudi. (Nasema tukadungwa. Mimi hushika kikapu.)

Alhamisi, 19 Machi

Lazima nilieleze benchi la Mburu, maana sidhani Nairobi kuna lingine kama hilo. Mtu wa sukari hali mpaka adungwe. Basi ukifika asubuhi utawakuta watu kumi na wanne wamekaa mstari mmoja, kila mtu na chakula chake magotini kimefungwa kwa kitambaa: viazi, uji kwenye chupa, ugali wa jana. Hakuna anayekula. Wananusa tu. Wanafanana na watu waliofika mazishini mapema na marehemu amechelewa.

Waruguru, msichana anayedunga, hufika saa mbili. Lakini ufunguo wa friji uko kwenye mkanda wa Mburu, pamoja na funguo za nyumba zake za kupangisha, na Mburu hufika akijisikia. Leo alijisikia saa nne.

"Ouma, mtu wangu!" akaniita. Mimi ndiye niliyemchorea kibao cha kliniki, na ndiye ninayeandika majina ya wagonjwa kwenye chupa, kwa plasta na wino. Kwa hivyo mimi hupewa kiti. "Wajua kwa nini napenda hawa watu wa sukari? Mtu wa malaria namwona mara moja, anapona, ananisahau. Wa sukari ni kama mpangaji mzuri. Hahami."

Nilicheka. Nikiri hapa kwamba nilicheka sana.

"Niletee mmoja mwingine," akasema, "na mama Akeyo atadungwa mwezi mzima bila kulipa."

Akeyo ni binti yetu aliyeolewa Ahero. Ukitaka kumpata Mluo wa Kianda, mwite kwa jina la mtoto wake, kisha mpe kitu cha bure.

Jumapili, 22 Machi

Nimempata. Ni Nzembi, mjane anayeuza muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe pale njia ya Kianda inapopindia. Hospitali kuu imemwambia ana sukari, ikampa chupa na maneno mawili: iweke baridi. Nilipofika chumbani kwake nikakuta ameifunga kwa kitambaa kilicholowa maji, ameisimamisha ndani ya kikombe cha udongo, uvunguni mwa kitanda.

"Nzembi," nikamwambia, "hiyo ni dawa, au unaotesha maharagwe?"

Alicheka mpaka akajifuta machozi. Ni mama anayependa mzaha, na mimi ni mtu wa kuugawa. Nikamweleza habari ya friji. Akajiamulia mwenyewe kuja Kawangware.

Jumamosi, 28 Machi

Mvua imeanza. Bati letu lina matundu saba. Nilikuwa nadhani ni matano.

Ijumaa, 3 Aprili

Waruguru amesema chupa ya Seline imeisha.

"Imeishaje? Ina wiki mbili zaidi."

"Dawa hukauka kwa friji, mzee."

"Hukauka? Imefungwa kwa mpira!"

Akatazama ukuta. Msichana mwenyewe si mbaya, anasema anachoambiwa. Lakini kabla hajaificha mfukoni niliiona chupa aliyotoka kumdungia mzee mmoja wa Dagoretti asiyekuwa na yake. Iliandikwa SELINE, kwa mwandiko wangu, ile S ninayoikunja mkia. Kumbe Mburu huwauzia wengine dawa ya serikali kutoka chupa zetu.

Nikamfuata Mburu nyuma ya kliniki, nimejaza kifua maneno. Akaniwahi: "Ouma, nafungua tawi Dagoretti. Nataka kibao cha futi kumi na mbili. Rangi tatu. Wewe tu." Maneno yangu yakashuka tumboni, yakajiunga na tumbo. Seline akadungwa kutoka chupa ya mtu mwingine, ambaye sikuuliza ni nani.

Jumanne, 7 Aprili

Nimechora kibao cha Dagoretti kwenye karatasi. Kinapendeza. Mburu anasema kazi ni yangu mradi watu wa benchi wasipungue kabla tawi halijasimama, maana anawategemea hao kununua mabati.

Alhamisi, 9 Aprili

Mvua kutwa. Ule ubao wa kuvukia kijito umechukuliwa na maji, tukapita ndani, maji ya magoti. Seline alianguka mara moja, mimi mara tatu, na mimi ndiye niliyekuwa namshika mkono asianguke. Nzembi anavaa viatu vya plastiki vilivyokatika, na kimoja kimemchuna kidole cha mguu. Anasema hakiumi. Seline aliutazama ule mguu njia nzima.

Tulifika tumelowa, tukakaa kwenye benchi. Mburu alikuwa kwa wakili, kesi ya shamba. Saa tano na nusu ndipo friji ikafunguliwa. Mama mmoja wa mwisho wa benchi alikuwa ameanza kula viazi vyake, analia na kula. Hakuna aliyemlaumu.

Nikauliza kwa nini asimwachie Waruguru ufunguo. Mburu akacheka: "Halafu aanze kliniki yake?"

Jumanne, 14 Aprili

Siku ya Seline hospitali kuu. Foleni ndefu. Tulipata chupa mpya, tukarudi.

Jumatano, 15 Aprili

Seline amesafiri Nyakach kumwona mama yake, na chupa yake kikapuni. Atakaa mwezi. Nimemsindikiza hadi kwenye basi, akanipa maagizo kumi na moja, la mwisho likiwa nisisahau yale kumi.

Jioni Nzembi aliniuliza, "Na dawa yake huko italala wapi?"

Nikamjibu kuna hospitali ya misheni yenye friji.

"Bahati yake," akasema.

Ijumaa Kuu, 17 Aprili

Leo nilimsindikiza Nzembi Kawangware. Anachechemea, na kikapu chake ni kizito.

Lango la kliniki lilikuwa limefungwa kwa kufuli. Watu wa benchi walikuwa wamesimama nje kwenye matope na vyakula vyao. Hakuna karatasi, hakuna neno. Saa tatu akaja Waruguru, amevaa nguo ya kanisani, akashtuka kutuona.

"Hamkuambiwa? Mzee amekwenda shamba kwake kwa ajili ya Pasaka. Atarudi Jumanne."

"Na ufunguo?"

"Si mnajua uko wapi."

Jumanne! Siku nne. Dawa zetu, za serikali, zenye majina yetu, ziko hatua kumi kutoka tuliposimama, nyuma ya mlango wa bati, na mwenye baridi amekwenda kula mbuzi. Mzee wa Dagoretti alilipiga lango teke, akaumia. Mwingine akasema tuvunje. Mwingine akasema tukivunja, Jumanne hatatudunga, na huyo ndiye aliyesikilizwa. Hapo ndipo nilipoona jinsi mtu huyu alivyotufunga. Watu wazima kumi na wanne, mmoja wao aliwahi kuwa askari jela, tunaogopa kumuudhi mwenye friji.

Waruguru alilia. Alisema angeweza kutudunga macho yake yakiwa yamefungwa, ana sindano, ana spiriti, ana mikono, hana ufunguo tu. Nimekuwa nikimwona kama kijiko cha Mburu. Leo nilimwona kama mtu.

Tuliamua kungoja Jumanne. Njiani Nzembi hakufungua chakula chake. "Sijadungwa," akasema, "nitakulaje?"

Jumamosi, 18 Aprili

Mvua. Nzembi hakufungua biashara. Anakunywa maji tu, mtungi baada ya mtungi.

Jumapili ya Pasaka, 19 Aprili

Saa tatu asubuhi niligonga kwa Nzembi, hakuitika. Nikasukuma mlango. Alikuwa amekaa sakafuni ameegemea kitanda, anapumua kama mtu aliyepanda mlima, pumzi ndefu ndefu, na chumba kilinuka kama mapera yaliyoiva kupita kiasi. Alikuwa ametapika. Ule mguu ulikuwa umevimba, kidole kimekuwa cheusi.

"Baba Akeyo," akasema, "leo ni Jumanne?"

Nikatoka mbio, na mimi si mtu wa mbio. Shivachi, yule muuza maji, alikuwa anafunga mapipa kwenye mkokoteni wake. Nikamwambia amwage maji.

"Nimwage? Leo Pasaka, watu wanataka kuoga!"

"Shivachi, mwaga!"

Alinitazama usoni, akayamwaga yote, akanifuata. Tukamlaza Nzembi juu ya magunia, Shivachi akashika mbele, mimi nikasukuma nyuma. Barabara ya Ngong ilikuwa tupu, watu wako makanisani. Kila kanisa tulilopita lilikuwa linaimba amefufuka. Nilikuwa namsemesha njia nzima, vichekesho vyangu vyote, hata vile vya zamani ambavyo Seline amenikataza. Karibu na hospitali akaacha kujibu.

Walimpokea mara moja. Hakuna aliyetuuliza pesa wala kadi. Daktari kijana, macho mekundu, akauliza, "Amekosa dawa siku ngapi?"

"Mbili, na leo ya tatu."

"Kwa nini?"

Nikasema, "Dawa yake imefungiwa." Akanitazama kama niliyemwambia dawa yake imekamatwa na polisi.

Jumanne, 21 Aprili

Yuko hai. Alifungua macho jana.

Nilikwenda Kawangware. Mburu alikuwa ameshafika, amenenepa kidogo.

"Nimesikia habari ya yule mama," akasema. "Amekufa?"

"Hapana."

"Basi shida iko wapi? Hizo siku nne sitamtoza."

Lakini sikiliza hili. Waruguru alinivuta kando akaniambia mafuta ya friji yaliisha tangu Jumamosi. Leo walipofungua, chupa zote zilikuwa vuguvugu, maji ya barafu yamejaa sakafuni. Mburu akawasha friji, akamwamuru awadunge watu dawa hiyo hiyo, na akatoza baridi kama kawaida. Wote wakadungwa. Wote wakala viazi vyao. Hakuna aliyedhurika.

Nilisimama pale na hasira ambayo sikujua pa kuiweka. Mburu akaniuliza rangi nitanunua lini.

Jumamosi, 25 Aprili

Wamemkata Nzembi vidole viwili vya mguu wa kushoto. Amenichekea. Eti sasa viatu vitamtosha.

Jumamosi, 2 Mei

Nimesimamisha kibao cha Dagoretti. Futi kumi na mbili, rangi tatu. TUNATIBU SUKARI, PRESHA, PUMU. Watu walisimama kukisoma.

Ijumaa, 8 Mei

Nzembi ameruhusiwa. Mtaa mzima ulikuja kumwona, na kila anayeingia Nzembi anamwambia, "Huyu Baba Akeyo ndiye aliyeniokoa. Yeye na Shivachi." Kanisani wanataka nisimame Jumapili nipigiwe makofi.

Kisha akaniita karibu, macho yanang'aa. "Baba Akeyo, wajua nimefundishwa nini na nesi? Friji si lazima! Unachukua chungu kikubwa, unatia kingine kidogo ndani yake, katikati unajaza mchanga, unamwagia maji asubuhi na jioni. Chupa unaiweka ndani, kavu, mbali na jua. Inakaa mwezi! Na kujidunga nimejidunga mwenyewe, siku sita. Mfundishe Mama Akeyo akirudi."

"Kumbe!" nikasema. "Kumbe! Chungu tu?"

"Chungu tu!"

Alhamisi, 14 Mei

Sasa niandike ilivyokuwa, maana Seline anarudi Jumamosi, na hao wawili wakikaa pamoja dakika tano kila kitu kitasemwa. Sijifanyi jasiri. Ni tarehe iliyonisukuma.

Siku ile ya tarehe kumi na nne Aprili foleni ilikuwa ndefu, hilo ni kweli. Mwisho wake tulimkuta nesi anayeitwa Jentrix, mama wa Kakamega mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto. Alimuuliza Seline kwa nini miguu yake imechoka hivyo. Tukamweleza Kawangware. Akaweka kalamu chini.

"Nyinyi ni watu wa Nyakach," akasema, "na mnatafuta baridi Kawangware?"

Kisha akatueleza chungu, mchanga na maji. Mama yangu mzazi alifinyanga vyungu miaka hamsini, kama wanawake wengi wa Nyakach. Maji niliyokunywa utotoni yalikuwa yanauma meno. Na mimi, mtoto wa mfinyanzi, miaka mitatu nimempeleka mke wangu kwa miguu kuifuata baridi ya kulipia, kwa sababu hiyo ilikuwa na mlango mweupe na mpini. Jentrix alitudungisha chungwa mara nane, mimi na Seline. Asubuhi yake nikamdunga Seline chumbani kwetu, naye akanywa chai kwa mkate saa moja na nusu asubuhi. Ndiyo maana aliweza kusafiri. Hakuna hospitali ya misheni. Niliibuni palepale Nzembi aliponiuliza, na yeye akasema bahati yake.

Nilijua, kwa hivyo, siku tatu kabla ya Ijumaa Kuu. Nilijiambia nangoja kwanza nione kama chungu kinafanya kazi. Uongo. Nilikuwa na kibao cha futi kumi na mbili kichwani, na Mburu alikuwa amesema watu wasipungue. Nzembi akijua, benchi lote lingejua kabla ya wiki kwisha.

Na Ijumaa Kuu, pale langoni, niliandika kwamba tuliamua kungoja. Hatukuamua. Nzembi alisema, "Twende hospitali kuu, Baba Akeyo, tuombe chupa nyingine." Mimi ndiye niliyemwambia angoje, Mburu hatatuangusha. Nilihofia tukienda atakutana na Jentrix. Na hata baada ya vidole, hata baada ya kuisikia ile habari ya friji iliyozimika, nilikipaka kile kibao nikakisimamisha. Nililipwa. Kipo Dagoretti sasa hivi, kinasomwa.

Leo adhuhuri nilikwenda pale njia inapopindia. Nzembi alikuwa anachambua maharagwe kwenye sinia, mguu umefungwa kitambaa cheupe. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Hakuinua kichwa. Alichambua hadi ukingo wa sinia.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Pasaka."

"Na juzi niliposimulia, ukasema kumbe."

"Nilisema."

Akatupa changarawe moja barabarani.

"Wewe Baba Akeyo, husema kila kitu kwa mzaha. Mvua, tumbo lako, Mama Akeyo. Hata hili ungenitupia kwa mzaha. Ningeokota."

Alikuja mteja, akataka mabakuli mawili. Nzembi akampimia. Kisha akaniambia nisogee, nimesimama mbele ya wateja.

Nikasogea.